Nani Anampulizia Makapi Den Bagus

Sumberwaru, 3 Machi 1986

Kwa mdogo wangu Sulasmi, huko Lampung ng'ambo ya maji,

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambalo ndilo la mwisho kuniona, alisema barua ianze na afya. Basi: mimi mzima, paa linavuja, mbuzi wa Karani wa kijiji amekula mihogo yangu tena. Karani anasema mbuzi hana kosa, mihogo ndiyo iliyokaa karibu na ua. Mzee Jayus mpiga upatu wa arusini ameoa mara ya nne. Bibi arusi hana meno na Jayus hasikii. Ndoa ya namna hiyo itadumu.

Sasa la wifi yako Tuminah. Kile kikohozi cha tangu masika ya mwaka juzi hakijaondoka. Zahanati walisema kifua kikuu, wakampa vidonge, akavimeza mpaka mkojo ukawa mwekundu kama sharubati. Amevimaliza vyote na kifua kiko palepale. Amekonda, nguo ya batiki inamzunguka mara mbili na ncha inabaki. Kijiji kizima kinatazama sigara zangu za karafuu, hivyo navutia nje siku hizi, mimi na mbwa wa jirani.

Cha ajabu, asubuhi huamka afadhali. Anamtoa ndege wetu Den Bagus chumbani, anakwangua tundu, anapuliza makapi ya uwele kwenye kikombe chake, kisha tunampandisha mlingotini aimbe. Ikifika alasiri, Tuminah anatetemeka kwa homa na pumzi inamkatikia jikoni. Shangazi anasema ni shetani wa alasiri. Tumemchomea ubani. Shetani anaupenda.

Den Bagus mwenyewe hajambo. Bado analala chumbani juu ya vichwa vyetu, kwa sababu ya paka na umande. Mkwe angeona haya, yeye haoni. Wewe ulishahama, hukumwona alivyototolewa, kifaranga cha perkutut, yule njiwa mdogo wa kuimba, kisicho na unyoya, mama yake akamkataa. Wifi yako akawa anatafuna wali na kumlisha kwa ulimi, mdomo kwa mdomo, mpaka akaota milia shingoni. Mungu hakutupa mtoto, akatupa huyo. Siwezi kusema hakutupa kitu.

Nakuletea Tuminah. Binti yako Wati anakaribia kujifungua, mikono itahitajika, na huenda upepo wa huko ukamfaa. Mimi nabaki na bwana mdogo.

Kaka yako,
Darmo

*

Tanjungsari, Lampung, 27 Aprili 1986

Kaka Darmo,

Salamu zako zimefika zikinuka karafuu. Huku mvua ni nzuri, pilipili manga zimeshika, mume wangu amejikata mguu kwa jembe na anaringa nao kama jeraha la vita. Wati amejifungua salama, mtoto wa kike. Wifi ndiye aliyempokea, akamnong'oneza sikioni jina la marehemu mama yetu kabla sisi hatujakubaliana. Basi limebaki hilohilo.

Kaka, Wifi alishushwa kwenye basi na abiria wawili, mmoja huku na mmoja huku. Nilidhani umeniletea maiti. Juma la kwanza alilala tu. Juma la pili aliomba tempe ya soya na pilipili. Leo ninavyoandika anatwanga kahawa uani, mtoto yuko mgongoni, na anaimba. Kikohozi kinamshika akicheka tu, na anacheka nikimsomea barua yako.

Nilimpeleka kwa daktari mjini. Huyu hakuuliza sigara. Aliuliza: "Kwenu mnafuga ndege ndani?" Kisha akauliza nani anasafisha tundu, na ndege analala wapi. Wifi alimjibu kwa fahari, mpaka habari za kulisha kwa ulimi. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema si kifua kikuu. Ni vumbi la manyoya na la mavi yaliyokauka. Vifua vingine vinalivumilia, cha Wifi kinalikataa. Kila anapopuliza makapi analivuta, kifua kinapigana nalo, ndiyo ile homa ya alasiri. Kila vita vinaacha kovu, na makovu yakijaa pumzi haina pa kukaa. Makovu hayafutiki, lakini vita vinaweza kukoma. Huku vimekoma kwa sababu huku hakuna Den Bagus.

Nakuomba, mtoe ndege. Safisha nyumba kwa maji, choma na mkeka. Hapo Wifi arudi. Ukishindwa, abaki kwangu.

Mdogo wako,
Sulasmi

*

Sumberwaru, 25 Mei 1986

Mdogo wangu,

Pole kwa shujaa wa jembe, hongera kwa bibi mdogo mpya. Karani amefunga mbuzi wake kwa kamba ndefu kiasi cha kufika kwenye mihogo yangu. Jayus bado ana mke.

Mwambie daktari wako kwamba babu yetu alilala na kuku chini ya kitanda akafa akiwa amekula miaka yote aliyoandikiwa, tena alikufa kwa kuanguka mnazini. Huyo daktari mwenyewe anafuga nini? Nadhani samaki. Wenye samaki huwa hivyo.

Halafu ufikirie na mimi. Wazee walitufundisha mwanaume hukamilika kwa vitu vitano: nyumba, mke, farasi, jambia na ndege. Nyumba inavuja. Jambia la baba limeshika kutu limegandana na ala. Farasi sikuwahi kuwa naye, hata wa kukopa. Mke umeninyang'anya wewe. Nimebaki na ndege. Unataka nivuliwe mpaka lini?

Na ndege mwenyewe simwelewi. Tangu wifi yako aondoke hajalia. Nampandisha mlingotini kila alfajiri kama bendera, anakaa huko juu anatazama barabara ya mabasi. Wapita njia wananiuliza kama nimemtundika kuku. Nampulizia makapi, nambadilishia maji, namwita kwa majina yote anayoitwa na mama yake. Ananipa mgongo.

Msomee Tuminah barua hii yote. Usiruke.

Darmo

*

Tanjungsari, 9 Julai 1986

Kaka,

Sote wazima. Mguu umepona, kuringa hakujapona.

Barua yako nilimsomea Wifi kwa sauti mpaka kwenye farasi. Hapo alicheka hadi akashika mbavu, bila kukohoa. Baada ya hapo nikasoma habari za mbuzi ambazo hukuandika. Kila jioni ananiuliza Den Bagus analia vizuri? Nasema analia. Mungu anisamehe, na wewe usiniponze.

Alichosema daktari anakijua, nilimweleza kwa utaratibu. Kwanza alisema daktari ana mzaha. Kesho yake akaniuliza kama ulimi wake ndio ulioleta ugonjwa. Nikamwambia ulimi haukuleta kitu, ni vumbi. Akasema, "Basi afadhali."

Amepigwa picha ya kifua. Chini kote kumejaa nyuzi nyeupe, mfano wa kumbi la nazi. Daktari anasema akirudi kwenye vumbi lile tena, asihesabu miaka. Nimeiandika hiyo kama alivyoisema, usiigeuze kichekesho.

Mpe mtu ndege huyo, Kaka. Hukunijibu hilo. Ulinijibu kuhusu samaki.

Sulasmi

*

Sumberwaru, 20 Agosti 1986

Mdogo wangu mkali,

Nimechelewa, najua. Huku kulikuwa na sherehe za uhuru, wazee tukashindanishwa kukimbia na yai kwenye kijiko. Nilishinda. Yai nilikuwa nimelichemsha.

Nimekusikia. Mwezi uliopita nilimpeleka Den Bagus kwa Karani, pamoja na tundu na kikombe chake. Karani ana mlingoti mrefu kuliko wangu, nikasema atapenda cheo. Baada ya siku chache akamrudisha. Hali, hanywi, amejing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana. Aliyelishwa kwa ulimi wa mtu hajui kwamba yeye ni ndege, nani wa kumwambia? Kwangu alikula punje tatu nne, kwa dharau.

Basi nimekata shauri. Ndege hawezi kutoka hapa, Tuminah hawezi kuingia hapa. Akae kwako. Mimi nitazoea. Chai naichemsha mwenyewe sasa, haina ladha lakini ina moto.

Ila sikutaka akose kila kitu. Nimeazima redio kaseti ya Karani nimrekodie sauti ya mwanawe. Nilikaa chini ya mlingoti asubuhi tatu, ndege kimya. Ya nne nikaingia chumbani, nikavaa batiki ya Tuminah na mtandio wake, nikatoka, nikaketi anapoketi yeye, nikapuliza makapi. Wallahi, Den Bagus alinyoosha shingo akatoa kuuung moja ya kutoka tumboni, akafuatisha nyingine, hakunyamaza mpaka upande mzima wa kanda ukaisha. Mke wa Karani alipita nyuma ya ua akasema, "Dada Tum, umerudi lini? Na hayo masharubu umeyatoa Lampung?" Sikugeuka, nisikatize kazi.

Kanda hii hapa. Vumbi halipiti kwenye kanda. Huyo ni ndege asiye na unyoya, daktari wako asemeje?

Mwambie Tuminah nimesema akae. Hili msomee.

Darmo

*

Tanjungsari, 28 Septemba 1986

Kaka Darmo,

Sina habari za mguu wala za pilipili. Wifi ameondoka, nadhani atakuwa kwako kabla ya barua hii.

Kanda ilifika tukaisikiliza barazani, sote. Nilimsomea habari za batiki na masharubu, Wati alilala chini kwa kicheko. Ndege alipoanza, Wifi alifumba macho na kuchezesha midomo, kama analisha. Alifurahi, Kaka. Nilisema moyoni mwangu, kaka yangu mjinga amefanya la akili.

Kisha akafumbua macho.

"Nani huyo anakohoa?"

Mimi sikuwa nimesikia. Akarudisha kanda. Kweli, nyuma ya ndege kuna mtu anakohoa. Nikasema ni Karani, kwani redio ni yake.

"Karani anakohoa kama mtu anayetaka asikilizwe," alisema. "Huyu anakohoa kama anayejificha."

Alisikiliza tena na tena, hakumsikiliza ndege hata kidogo. Akaniuliza, "Sasa huko nani anampulizia makapi?"

Nikaingia jikoni kuitazama kahawa. Nilidhani nikinyamaza litapita. Siku zilizofuata alikuwa mchangamfu, alichezea redio, alikaanga ndizi. Juzi nilikwenda shambani alfajiri, niliporudi mkeka wake umekunjwa. Alimwachia Wati maneno: nisimkasirikie, mzee yule hata kukohoa hajui.

Kaka, tangu lini unakohoa? Mbona hukuandika?

Akifika usimwache aingie chumbani. Mpokee uani, mgeuke mje wote.

Sulasmi

*

Sumberwaru, 2 Novemba 1986

Sulasmi,

Amefika. Alishuka kwenye basi mwenyewe, na kikapu cha kahawa kichwani, mashavu kama siku niliyomwoa. Nikamuuliza wewe ulimlisha nini huko. Akasema, "Pumzi."

Nilimzuia mlangoni, shahidi Mungu. Nilisimama na ufagio kama askari. Akapita chini ya mkono wangu, mimi ni mrefu na yeye ni mfupi, ndivyo amekuwa akinishinda siku zote. Den Bagus alipiga kelele ambayo njiwa hapigi. Asubuhi yake nilishika kikombe cha uwele nikampa mgongo nipulize upesi. Akakitoa mkononi mwangu.

"Lete hapa," alisema. "Kifua kimoja kinatosha."

Alasiri ile homa ikamjia. Hata siku moja haikumpa.

Tangu hapo ni vita. Nimemfunga kitambaa mdomoni, anakivua, anasema ndege hamjui akiwa amefunikwa. Nimeliweka tundu bandani, nikamkuta amekaa bandani. Jumatatu nililifungua, nikampigia Den Bagus makofi kama mwizi. Akaruka hadi kwenye paa, akatazama dunia, hakuipenda, akashuka akatua begani kwa Tuminah. Alicheka. Unakijua kicheko chake. Kilianza vizuri.

Nimemwambia twende Lampung wote wawili, ndege abaki na bahati yake. Akaniangalia kama nimesema tumwache mtoto sokoni. Nilitaka kukazana. Sikukazana. Usiniulize kwa nini, na mimi nimemlea.

Hawezi kulala chali tena. Anakaa ameegemea mgongo wangu, tunakaa hivyo kama magunia mawili.

Mbuzi wa Karani amekufa. Niliona vibaya kuliko nilivyotegemea.

Mengine nitaandika kesho.

Darmo

*

Tanjungsari, 30 Novemba 1986

Kaka,

Kesho yako imekuwa ndefu. Kila siku posta namuuliza bwana yule, mpaka ananiona anageuza shingo.

Chumba kiko tayari. Mume wangu ametoboa dirisha la pili upande wa upepo. Daktari anasema hata sasa si bure kumwondoa, kuna dawa ya kutuliza kifua, ila aiendee yeye. Na wewe atakupiga picha.

Nimepata njia, Kaka, isikilize. Jana Wati aligeuza kanda yako ili arekodie nyimbo za redioni, akakuta si tupu. Wifi ameongea humo. Ndicho alichokuwa anachezea siku zile kabla ya kuondoka. Hakutuambia. Anazungumza na Den Bagus upande mzima, anamwita, anampulizia makapi ya hewani, anakusema wewe. Sauti ni yake hasa.

Nawatumia. Mwekee ndege aisikie. Kama alikubali masharubu yako atakubali na hii. Akianza kula kwa sauti hiyo mwachie Karani ndege, redio na kanda, nyie mje. Mwambie Wifi mtoto ameota jino. Mwambie nimesema asikilegeze kitambaa.

Nijibu hata kwa neno moja.

Sulasmi

*

Sumberwaru, 4 Januari 1987

Mdogo wangu Sulasmi,

Mwalimu alisema barua ianze na afya. Naanza na dirisha. Mshukuru shemeji kwa dirisha, mwambie asilizibe, litafaa kwa mwingine.

Barua yako iliandikwa wifi yako akiwa na siku tisa kaburini. Sikukuletea simu ya upepo. Nilikwenda posta, wakanipa kikaratasi, wakasema niandike kwa maneno machache. Unanijua. Nilirudi nacho nyumbani kitupu.

Alikufa asubuhi, tukimpandisha ndege. Alivuta kamba nami nikiwa nimeishika juu ya mikono yake, kwa hiyo nilijua mara moja uzito wa tundu uliponirudia. Tumemlaza karibu na mama, chini ya ile miti ya makaburini, ya maua ya kamboja. Jayus alikuja na mkewe, akalia kwa sauti kubwa, hasikii anavyolia. Mke wa Karani alipika. Juzijuzi tumesoma arobaini. Kanda ilifika siku hiyohiyo, waombolezaji wakiwa bado wanakunywa chai, kwa hiyo sikuifungua mpaka walipoondoka.

Den Bagus hakuwa amelia tangu mazishi. Nilimwekea. Wifi yako anaanza: "We mtoto, unakula? Mzee anakubadilishia maji, au anakuhadithia tu?" Ndege akashuka kijiti cha chini kabisa, akaweka kichwa kwenye nyavu. Akajibu. Anamjibu kila anaponyamaza kuvuta pumzi, wanapokezana, hakosei.

Mimi nilisikiliza kitu kingine. Nimeirudisha kanda mara nyingi nikitafuta kikohozi. Hakipo, Sulasmi. Anaongea upande mzima, anacheka mara mbili, anapuliza makapi yasiyokuwapo, na hakohoi. Alikuwa mzima. Nilikuwa nimekuachia mtu mzima barazani kwako, kisha nikamtumia kanda.

Karani amekubali kumchukua ndege pamoja na redio, kama ulivyosema. Nimemwambia nitamletea. Kila asubuhi namwambia nitamletea. Kwa sasa nampandisha, nakaa anapoketi yeye, nawasha, wanazungumza wawili hao na mimi nashika kikombe. Upande mmoja wa kanda nakohoa mimi. Upande wa pili hakohoi yeye. Ule wangu siuweki.

Mtoto akiota jino la pili niandikie.

Umeuliza habari za kifua changu. Huku mvua ni nyingi mwaka huu, na mihogo, kwa kuwa hakuna wa kuila, imejaa mpaka uani.

Kaka yako,
Darmo